Mwanamke Aliyeuza Mto kwa Malori

Ndugu waombolezaji, mliokaa kwenye viti na mliosimama kule nyuma juani, familia inawapa pole kwa safari na kwa msiba huu ambao ni wetu sote, na inawaomba mvumilie kidogo, kwa sababu maisha tunayotaka kuwasomea hayakuwahi kukaa mahali pamoja. Marehemu mwenyewe aliagiza asipambwe. Alisema mkianza kumpamba atakohoa humo ndani ya sanduku mpaka mkome, na sisi tunaomjua hatutaki kujaribu. Wengi wenu mlimwita Mama Tripu, na ndilo jina tutakalolitumia hapa, maana aliitikia hilo kuliko jingine lolote.

Mama Tripu alizaliwa tarehe 12 Juni 1954, katika nyumba iliyokuwa jirani kabisa na kona ya mto, baba yake akiwa mwashi na mama yake mkulima wa mboga, akafuatiwa na mdogo wake wa kike ambaye yuko nasi hapa mbele. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa. Mto wa siku hizo ulikuwa mpana na mvivu, umejaa mchanga kutoka ukingo hadi ukingo, na hata wakati wa kiangazi, maji ya juu yakishakauka, mtu alifukua kwa kiganja tu akasubiri kidogo, shimo likajaa maji baridi ya kunywa.

Alianza shule ya msingi Januari 1962, akawa mwanafunzi mwenye akili na asiyeweza kukaa, hata mwalimu wake wa hesabu siku moja akamwuliza, "Wewe binti, kiti chako kina miiba?" naye akajibu, "Hapana mwalimu, kina usingizi." Aliingia sekondari mwaka 1970, akasoma miaka miwili, ndipo baba yake akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga, nyumba ikakosa mtu wa kuishika, na yeye akafunga vitabu, akachukua beleshi la baba yake, akashuka mtoni.

Kazi ilikuwa kuchota mchanga na kuurundika ukingoni pamoja na wanawake wengine, lori likija wanapakia, likiondoka wanarundika tena, na haikuchukua muda akawa ndiye anayezungumza na madereva, kwa kuwa wenzake waliona haya na yeye haya yake aliiacha tumboni mwa mama yake. Kila dereva aliyeshuka pale alipokewa na sauti moja, "Leo tripu ngapi?" na jina likamganda.

Tarehe 18 Novemba 1978 alifunga ndoa na fundi wa malori, mtu mpole aliyekuja kutengeneza gia ya gari lililokwama mchangani akabaki moja kwa moja. Fundi huyo alipenda kuwaambia wageni kwamba maisha yake yote ametengeneza injini zinazokataa kuwaka, lakini ya nyumbani kapewa inayokataa kuzima. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1980 na wa kike mwaka 1983, ambaye leo ni muuguzi. Wakanunua lori chakavu, fundi akalifufua, likazaa la pili, la tatu na mengine, na mwaka 1996 wakaleta mtoni tingatinga lenye kijiko, ambalo kwa asubuhi moja lilichimba kuliko wanawake wote wa ukingoni kwa wiki nzima. Wale wanawake alioanza nao wakarudi majumbani kimyakimya, na yeye alisema baadaye kwamba siku ile hakuliona jambo hilo, alikuwa anatazama kijiko.

Mji nao ulikuwa unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Watu waliochoka kulala chini ya mabati yanayovuja walitaka nyumba, wazazi walitaka madarasa, wafanyabiashara walitaka ghorofa, aliyekuwa na nyumba moja alitaka ya pili ya kupangisha, na ofisi ya vibali ilipiga mhuri bila kuuliza mto una hali gani, kwa sababu mto hauna mtu anayekuja dirishani kupanga foleni. Kila ukuta ulianzia kwa Mama Tripu. Mumewe alifariki mwaka 2004, akamwachia mtoto wao wa kiume malori mawili kwa jina lake, na Mama Tripu badala ya kukaa na majonzi akaongeza safari.

Mto ukaanza kushuka. Ulishuka taratibu, kitanda chake kikawa shimo na kingo zikabaki zinaning'inia juu, visima vya jirani vikakauka, waliochimba zaidi wakapata, kisha navyo vikakauka, kwa kuwa mchanga ndio uliokuwa umeyabeba maji na mchanga haukuwepo tena. Mdogo wake, aliyerithi bustani ya mama yao pale chini kwenye kona, alikuja mara nyingi kulalamika. Mama Tripu akamchimbia kisima kirefu, akaondoka akidhani mambo yamekwisha.

Tarehe 23 Aprili 2011, asubuhi, baada ya mvua kubwa, ukingo wa bustani ile ulikatika. Ulikwenda na matuta ya mboga, ukaenda na migomba, na ukaenda na kaburi la mama yao, ambalo lilikuwa mwisho wa bustani, mahali ambapo wazee walipachagua wakidhani mto hautafika hata siku moja. Ndiyo sababu leo tumewapandisha huku mlimani, ndugu zetu, kule chini hakuna tena pa kumzika mtu. Mama Tripu alifika na viatu vya kazi, akakuta maji mekundu yanapita pale mama yake alipokuwa amelala, na mdogo wake amesimama amejishika kiuno. Mdogo wake hakulia wala hakupiga kelele. Alimwuliza tu, "Dada, mama yetu umempeleka kwenye ghorofa la nani?"

 Mama Tripu alirudi garini, akakaa, akashuka, akapanda tena.

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumtuliza. Alikuwa akiingia mjini mchana kweupe, anapita benki, anapita soko jipya, anapita shuleni na kwenye nyumba za wateja wake wa zamani, anaweka kiganja ukutani kama mtu anayepima homa ya mtoto, anasimama, anaondoka. Mlinzi wa benki akamwuliza, "Mama, umepotelewa na nini?" akajibu, "Namtafuta mama yangu," na yule mlinzi, kwa wema wake, akamwonyesha viti vya wanaosubiri, aangalie kama yumo.

Ulipoitishwa mkutano wa wakazi kuhusu maji, alikwenda akakaa mbele kabisa. Mkandarasi mmoja aliyemheshimu alitaka kumfariji, akasema, "Mama, usijitese, usingechimba wewe angechimba mwingine." Mama Tripu akasimama. "Huyo mwingine nimemtafuta sana," akasema, "maana kila mtu anamtaja. Kila nikimkaribia namkuta amevaa viatu vyangu." Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Wengine wakaanza kumnyooshea vidole, kwamba ametumaliza, kwamba amekula mto akashiba, naye akawageukia, "Nimekula, sikatai. Lakini nilikula na nani? Humu ndani nani analala kwenye nyumba isiyo na mchanga wangu? Anyooshe mkono."

Ulinyooka mkono mmoja. Ulikuwa wa mdogo wake, ambaye nyumba yake ilikuwa bado ya miti na udongo.

"Na unasemaje?" Mama Tripu akauliza, sauti imemshuka.

"Mimi sina neno, dada. Mimi nataka maji."

Kesho yake aliuza tingatinga na kuyaegesha malori yake. Mwanawe akakataa kuegesha ya kwake, na sehemu hii ya historia familia ilitamani kuiruka, lakini tumekwisha kuwaambia masharti tuliyoachiwa. Kijana alikuwa amepata kazi ya kupeleka mchanga hospitalini, kwa ajili ya wodi mpya ya wazazi, wodi ambayo mji mzima uliililia. "Mama," akamwambia, "dada yangu anazalisha wanawake sakafuni. Nikawaambie wasubiri mto upone?"  Asubuhi iliyofuata mama yake alibeba kiti cha jikoni, akakiweka katikati ya njia inayoshuka mtoni, akakikalia. Lori la mwanawe likaja, likafunga breki mbele yake, vumbi likawafunika wote wawili.

"Mama, ondoka."

"Sina pa kwenda."

"Mimi nilisomeshwa na mto huu. Wanangu wasomeshwe na nini?"

"Sijui, mwanangu. Lakini siyo na huu, huu umekwisha."

Kijana akarudisha gari nyuma, akazungukia njia ya pili, na malori yaliyokuwa nyuma yake yakamfuata. Mama Tripu alibaki kwenye kiti katikati ya barabara tupu. Tangu siku hiyo mama na mwana walisalimiana kwa kupitia wajukuu, na hali hiyo iliendelea muda mrefu kuliko ambavyo yeyote kati yao alitaka.

Aliyefungua njia ni binti yake muuguzi, tena bila kukusudia, aliposema nyumbani kwamba wodi ya zamani inabomolewa kuipisha mpya. "Vifusi mnapeleka wapi?" mama akauliza. "Vinamwagwa bondeni." Hakumaliza chakula. Alikwenda kwa mkandarasi wa hospitali, akaomba vile vifusi, akapata mashine ya kusaga mawe, akasaga kuta zilizobomolewa mpaka zikawa chenga zinazofanana na mchanga, akawapelekea wahandisi wazipime. Wahandisi wakapima, wakasema kwa matofali ya kuta na kwa sakafu za nje zinafaa, kwa nguzo hapana, nguzo watatumia mchanga wa mto. Alibishana nao, akashindwa, na kwa haki alishindwa, maana nguzo ni nguzo. Malori yake mwenyewe yalikuwa yamekufa kwa kuegeshwa, ndipo akaenda kwa mwanawe, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Nipe lori nibebe vifusi."

"Mama, hiyo haitatosha."

"Najua. Nipe lori."

Alimpa, na mama akaliendesha mwenyewe. Wodi ile mpya ikasimama mwaka 2015, kuta zake za vifusi na nguzo zake za mto. Watu walimcheka wakisema Mama Tripu siku hizi anaokota takataka, naye akajibu kwamba zamani alikuwa anaokota vya watu, sasa anaokota vilivyotupwa, hiyo nayo ni kupanda cheo. Lakini msidhani alitulia. Vifusi vilipokuwa haba alinunua mawe ya machimbo, akayasaga, kisha akatazama mlima ulivyoliwa upande mmoja, akasema tumehama mtoni tukaja kula mlima. Jioni alisikiliza redio, habari za visiwa vinavyomezwa na bahari, za misitu iliyoungua nchi za mbali, za watu wanaohama kwa kukosa mvua, na alikuwa akisema, "Huko nako kuna Mama Tripu wao," halafu anazima redio, halafu anaiwasha. Kilichomsumbua ni kwamba hakuona mahali ambapo mtu mbaya alikaa peke yake. Aliona watu wanaotaka paa, na wanaouza paa, na wanaotaka paa la pili, wote wakishikana mikono kuelekea mtoni, na aliyelipa alikuwa yule asiye na paa hata moja. Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha usingizi.

Februari 2022 alianza kukohoa kikohozi kisichokwisha, madaktari wakakuta mapafu yamejaa vumbi la miaka yote ile, wakamkataza mashine na barabara. Mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia huku juu, alimchukua nyumbani kwake, akamwuguza. Walikaa barazani wakichambua maharage, wakigombana kuhusu nani kapitisha jiwe. Mdogo mtu hakuwahi kumwambia kwamba amemsamehe, na mkubwa hakuwahi kuomba, lakini siku alipopata nafuu kidogo walishuka wote wawili, wakishikana mikono, wakaenda kupanda matete kwenye ukingo uliokatika. Mengi yalisombwa. Machache yameshika.

Hali ilipozidi akalazwa hospitalini, na mwanawe alikuja kila siku ya wiki zile za mwisho. Siku ya kwanza mama alimwuliza, "Umepita mtoni? Maji yamefika wapi?" na kijana akajibu, "Yamepanda, mama." Alimkazia macho. "Nimekuzaa mimi," akasema, "niulize tena?" Kijana akainama. "Bado yako chini, mama. Chini sana." Ndipo mama akamshika mkono, akaushikilia, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi tulimwona amelala mchana.

Alifariki tarehe 6 Septemba 2024, alfajiri, binti yake akiwa zamu, mdogo wake akiwa kando ya kitanda. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia mgonjwa asiyekubali kulala. Inawashukuru majirani, pamoja na wale aliowakaushia visima, ambao hata hivyo walikuja na ndoo zao kutusaidia kupika. Inawashukuru wanawake wa ukingoni alioanza nao kazi, ambao leo wamekaa na familia. Inawashukuru wenye malori, waliozima magari yao siku ya leo kwa heshima yake. Tunajua kesho yatawaka, na yeye alijua, na angetaka tuwaulize njiani wanaelekea wapi. Mwanawe ameomba tuseme kwamba ya kwake hayatashuka mtoni, na kwamba bado hajajua atakula nini, anaomba mwenye wazo amwone baada ya mazishi.

Mwisho, kuna waliokuja na mifuko ya saruji na mchanga kwa ajili ya kujengea kaburi, na tunaona mmeipanga pale kwa upendo. Ahsanteni, lakini rudini nayo. Marehemu ameomba afunikwe kwa udongo huuhuu uliotoka shimoni, usiongezwe kitu.

Dada yetu, mama yetu, bibi yetu, mahali hapa hakuna atakayekuja kuchimba. Pumzika, na iwe kwa amani.