Tai wa Shaba wa Marehemu Thaddeus Mulqueen

Baba Paroko, majirani wa Mtaa wa Ferry, nanyi wazimamoto mliombeba mabegani hadi hapa, marehemu Thaddeus Mulqueen alizaliwa tarehe 9 Februari 1851 hapa hapa mjini Troy, mtoto wa nne wa Mzee Fergus na Mama Johanna, akasoma shule ya parokia, kisha akajifunza kushona kofia za ngozi za wazimamoto, zile zenye tai wa shaba aliyeshika ngao ya kikosi kwa mdomo.

Mwaka 1872 alijiunga na kikosi, na tarehe 6 Mei 1876 akafunga ndoa na Honora Clancy, wakajaliwa watoto watano, wanne tuko mbele yenu.

Alasiri ya tarehe 11 Novemba 1884 kiwanda cha kola za mashati kiliwaka, naye akiwa juu ya ngazi akimtoa dirishani rafiki yake wa kikosini Ambrose Teague, tai wa kofia ya Ambrose akanasa kwenye waya, marehemu akaishika kofia ainasue, sakafu ikaporomoka, Ambrose akaenda nayo, tai akabaki kiganjani mwa marehemu.

Tangu hapo hakulala penye dirisha lililofungwa, hata theluji ikiingia kitandani, na Mama alikuwa akimkuta amesimama ametega sikio.

“Honora, husikii? Tai anagonga kioo kwa mdomo.”

“Ni upepo, baba watoto. Njoo unywe chai.”

Alimng'oa tai wa kofia yake, akaishona ngao moja kwa moja kwenye ngozi, akawasihi wenzake wafanye vivyo hivyo, nao wakamtania, “Mzee Tad, kofia bila tai ni sufuria,” naye akajibu, “Sufuria haijamnasa mtu,” lakini wachache tu walimsikia, na mtaa wa mjane wa Ambrose aliukwepa miaka yote.

Januari mwaka huu wa 1912 kifua kilimlaza, na Mama Bridget Teague akaja bila kuitwa, akaketi kando ya kitanda.

“Thaddeus, wewe ndiye wa mwisho kumwona mume wangu. Mbona hukuja kuniambia?”

“Niliogopa utaniuliza kwa nini nilishika kofia, nisimshike mkono.”

Mama Bridget akauchukua mkono wake, akaja kuushika kila siku hadi tarehe 3 Machi, asubuhi, ulipopoa.

Tunamshukuru Daktari Voorhees, majirani waliotuletea mkate na makaa, wenzake wote wa kikosi, na Mama Bridget, aliyeketi pale na Mama yetu.

Pumzika kwa amani, baba, utusalimie Ambrose.