Vya Seva na vya Kawaida

Katika treni inayopitia Yongsan, penye soko la vifaa vya kompyuta, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alifungua kitambaa mapajani, akamwonyesha mwanamume aliyeketi kando yake vipande vinne vya memori ya kompyuta. Mkoba wa yule bwana ulijaa bisibisi, basi mama akaona amepata daktari. "Nimevichomeka pamoja na vya zamani, fundi, mashine ikagoma kuwaka. Mwanangu Tae-gyu alikuwa anachora katuni. Filamu yake ya mwisho ni nzito, kompyuta inashindwa kuifungua."

"Hivi ni vya seva, zile kompyuta kubwa za maofisini, mama. Havichanganyiki na vya kawaida. Toa vya zamani, weka hivi peke yake."

"Vya zamani alivifunga mwenyewe."

"Basi mwambie avitoe mwenyewe," fundi akacheka.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Yeye na bisibisi zake, bado.

"Tumemzika majuzi," mama akasema. "Nguo zake nimechoma, kama desturi yetu, viatu nimechoma. Kilichobaki kama mikono yake ilivyokiacha ni humo ndani ya kompyuta tu. Si uniambie ninunue vingine kama vyake vya zamani?"

Fundi akakohoa. "Pole sana, mama. Vya aina hiyo ya zamani, hata ukijaza nafasi zote, havitoshi. Ukitaka kuiona filamu, lazima vitoke."

"Angekuwa wako, ungevitoa?"

Fundi akaufunga mkoba wake. "Usiniulize hivyo, mama."

Treni ikasimama Yongsan, tukashuka. Mama alibaki ameketi, anavifunga tena vipande vyake kitambaani, fundo juu ya fundo, mpaka milango ikajifunga naye yumo ndani.