Umeme wa Mbalamwezi

Boti ya Mwamgongo ilikuwa bado haijaipita Gombe, na Winfrida, aliyebanwa kati ya wabishi wawili asiowajua, alishajua mambo mengi ya kompyuta kuliko alivyotaka.

Heritier, aliyejifunzia ufundi katika kambi ya wakimbizi wa Kongo, alikuwa amepakata kadi ya picha ya kompyuta, ya mtumba, ndani ya kitenge, kama kichanga. "Papa, sinunui kompyuta mpya. Ile kuukuu ya kibanda changu cha gemu naitia kadi hii tu, na gemu la mpira halitakwama tena."

"Na umeme?" akauliza Anatoli, mvuvi wa dagaa, miguu juu ya betri ya taa zake za kuvulia. "Sola za kwetu zinachaji simu kwa kubembelezwa. Kadi hiyo itaumaliza kabla ya mapumziko."

Winfrida akaona hapo kijana kabanwa. Wapi!

"Mbalamwezi ikianza, Papa, mnakwenda ziwani?"

"Dagaa hawavuliwi kwenye mwanga wa mwezi. Hata mtoto anajua."

"Basi! Wiki nzima betri zenu zimelala, na nyinyi hamna kazi. Njoni mcheze kwangu, mje nazo."

"Betri yangu ikacheze mpira? Thubutu!"

Boti ikagusa mchanga wa Mwamgongo. Anatoli akashuka na betri begani, akaenda hatua tatu, akasimama.

"Unafungua saa ngapi?"