Nyungunyungu Hawakupanda Lori

Kando ya ghala la kahawa la kijiji kipya, juu ya rweya ya Izigo ambako zamani yalikuwa malisho matupu, palikuwa na gogo la mkaratusi lililolainishwa na wanaume wasiokuwa na haraka. Jioni walikaa hapo, kikapu cha akamwani kikapita mkono kwa mkono, nao wakatafuna zile buni zilizochemshwa na kukaushwa huku wakiihukumu dunia. Ulikuwa mwaka wa pili tangu malori yawatoe katika vibanja, mashamba ya migomba ya baba zao bondeni, na kuwateremsha juu ya nyasi, kama wana wa Israeli waliofikishwa jangwani kabla ya kuulizwa kama wana kiu. Mwaka huo migomba yao michanga iligeuka manjano. Na katika nyumba ya mzee Ishengoma, katekista, mjukuu wake Kokuberwa aligeuka pia: nywele zikawa nyekundu na nyepesi kama nyuzi za hindi, miguu ikavimba, kicheko kikampotea. Ukoo ulikwisha kuamua kwamba kosa ni la mama yake, Klaudia, na kwamba kesho yake arudishwe kwao Izimbya, amwache mtoto. Lilibaki neno la Ishengoma tu, maana mwanawe Ildefons, mume wa Klaudia, alikuwa kibaruani Mwanza. Siku ile mzee alikuja gogoni akitaka kumsikia mtu mmoja akimwambia kwamba anatenda haki.

— Mimi nawaambia ni mwezi, alisema Apolinary. Walimwita Redio, kwa kuwa redio ya kijiji ilikuwa yake, na betri zilipokwisha aliendelea kutangaza mwenyewe. Tangu wale watu wa roketi waukanyage, haufanyi kazi yake. Mgomba hunywa mwezi usiku. Sasa unakunywa vumbi la viatu!

— Na migomba ya Kamachumu mbona kijani? akauliza Rutashobya. Au wao wana mwezi wao?

— Kamachumu wana mawingu. Yanachuja.

— Haya, endelea kutangaza. Ni fukusi, bwana, na fukusi nimemmaliza.

Rutashobya waliyemwita Bwana Dawa aliwahi kuwa mpiga dawa wa mashamba, na kazi ilipokwisha alibaki na bomba la kupulizia, kopo la unga na imani.

— Nimenyunyiza kila shina, alisema. Nimeua fukusi, nimeua siafu, nimeua na vile vidudu visivyo na jina.

— Na kuku wa jirani yetu Protase, akamkumbusha Redio.

— Kuku yule alikuwa na tamaa. Aliambiwa asidonoe pale.

— Aliambiwa na nani? Wewe unaongea na kuku?

Wakacheka, isipokuwa Lameki. Huyu alikuwa Mlutheri aliyeokoka, akaitwa Nabii, na hakucheka kabla ya kuhakikisha kwamba kicheko hakina dhambi.

— Mnazunguka, alisema. Nimechimba mashimo ya kupandia kutoka kwangu mpaka kwa Katibu wa kijiji. Sikukuta nyungunyungu hata mmoja. Kule bondeni ukipiga jembe, udongo wenyewe unatembea! Sasa sikilizeni. Nuhu alipakia kila kiumbe kitambaacho juu ya nchi. Sisi tulipakia vitanda na masufuria. Nyungunyungu hawakupanda lori.

— Hawakutangaziwa, akasema Rutashobya.

— Walitangaziwa, wakagoma! Viumbe wana akili wale. Walikaa kikao huko chini, wakapitisha azimio la kubaki.

— Polepole, Nabii, alisema Redio, akitazama upande wa ofisi. Katibu akisikia, atawaita wapinga maendeleo.

— Ni mabepari hasa! Mmoja mmoja ana shimo lake.

Gogo zima likatikisika kwa kicheko. Ishengoma akatafuna bila kuonja. Yeye aliyaona malisho yakichomwa moto, kisha trekta likaigeuza rweya tumbo juu kwa ajili ya shamba la pamoja. Ng'ombe wake alikosa pa kula, akapelekwa kwa shemeji Kamachumu, na alipoondoka aliondoka na maziwa na samadi, vyote viwili kwa kamba moja. Nyasi za kutandaza mashinani zikaisha. Maharage aliyoyapanda kati ya migomba yakachanua na kukauka. Haya yote aliyajua mzee huyu, kama mtu anavyozijua amri kumi, akizikariri bila kusikia zinamwambia nini.

— Mzee Ishengoma, alisema Redio, sasa bila mzaha. Tusifichane, waitu, ndugu yetu. Mgomba wako manjano, mjukuu wako manjano. Nyumba ni ile ile. Jambo linatoka pamoja.

— Msimu wa senene, akadakia Lameki, mkamwana wako alionekana anakula. Mwanamke! Akusanye, anyonyoe, akaange, ampelekee mume, huo ndio utaratibu tuliozaliwa tukaukuta. Lakini ale?

— Siku hizi si Kanisa linaruhusu? akauliza Rutashobya.

— Kanisa linaruhusu. Je, mtoto ameruhusu? Senene ameingia kwenye ziwa la mama, ziwa limeingia kwa mtoto. Zitazame zile nywele. Si rangi ya senene mkavu?

— Na mtoto akijisaidia, alisema Redio huku akipandisha sauti, wanamwaga wapi? Mgombani! Basi mgomba nao umekula senene!

Rutashobya akafungua mdomo kupinga, akaona hesabu imekaa vizuri, akaufunga.

Hawakuwa watu waovu. Kila mmoja wao alikuwa na mtoto nyumbani, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuzitazama nywele za mtoto wake asubuhi. Lakini hofu ni hakimu mwenye haraka. Huacha trekta lipite, huacha moto upite, humshika mwanamke aliyekaa jikoni kwa kuwa hana lori la kukimbilia.

— Mjomba wa Klaudia anakuja kesho kumchukua, alisema Ishengoma. Akangoja.

— Ni haki, alijibu Lameki, akitazama vidole vya miguu yake.

Neno alilolitaka alikuwa amelipata, wala halikumtuliza.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke akisukuma baiskeli mlimani, sketi imeingia vumbi, mfuko wa zahanati ukining'inia kwenye usukani. Alikuwa Sista Theopista, muuguzi mpya wa misheni. Wakasogea kumpisha.

— Hamjambo, wazee wangu.

— Hatujambo, sista. Karibu akamwani.

Akachukua moja, akaitafuna kwa ustadi wa mtoto wa nyumbani.

— Ninamtafuta Klaudia. Alimleta binti yake zahanati, nikamwambia arudi baada ya siku chache. Simwoni.

— Ni mkamwana wangu, alisema Ishengoma. Hatarudi. Anakwenda kwao.

— Na mtoto?

— Mtoto ni wa ukoo.

Macho ya sista yalikuwa kwenye migomba nyuma ya ghala, ambayo ilikuwa ya Ishengoma, na kwa kuwa na yeye alikulia kibanjani, aliuliza kama mkulima anavyomuuliza jirani.

— Tata, baba yangu, migomba hii ina njaa. Mmeilisha nini?

Wakamjibu wote kwa pamoja.

— Majivu, alisema Rutashobya, niliyaleta mimi mwenyewe.

— Nyasi kidogo sana, alisema Lameki, za kuokoteza ukingoni mwa shamba la ujamaa, Mungu anisamehe.

— Ule wa mwanzo umepata maganda tu, alieleza Ishengoma, na sauti yake ikapata uhai. Ule unaofuata nao maganda. Lakini huu hapa nilibeba samadi kichwani kutoka Kamachumu, nikaupa kapu zima. Tazama jani lake la katikati, lina rangi. Ule wa pembeni nilimwagia mkojo wa mbuzi wa Protase. Mimi sina mgomba ambao sijui umekula nini.

— Umesema kweli, tata, inaonekana. Chuoni tulifundishwa jambo moja ambalo mama yangu alilijua bila chuo. Kilichomo ndani ya samadi, kinacholipa jani rangi, wanakiita naitrojeni. Ndicho hicho kinachokuwa ndani ya maharage, maziwa, samaki, senene. Huko kimeungana na vitu vingine, wanaita protini, na nyama ya mtoto imejengwa kwa hiyo. Muhogo tunaokula siku hizi hauna, au unayo kidogo mno. Unashibisha tumbo na kuuacha mwili ukiomba. Nyasi hulisha ng'ombe, ng'ombe hulisha kibanja na mtoto pia. Tukishachoma nyasi na kumwondoa ng'ombe, mgomba na mtoto wanaumwa njaa ile ile.

— Kwa hiyo senene… alianza Redio.

— Natamani Klaudia angekula zaidi, na mtoto pamoja naye.

Kisha akamgeukia Ishengoma, akauliza kwa upole ule ule aliouulizia mgomba:

— Na Kokuberwa, jana alikula nini?

Ishengoma akawatazama wenzake. Redio, aliyekuwa na habari za uhuru wa Msumbiji na za mwezini, alikuwa akifuta mikono kwenye suruali. Bwana Dawa alikuwa akihesabu nyufa za ukuta wa ghala.

— Mambo hayo, alisema Lameki taratibu, wanayajua wanawake.

— Mwanamke gani? akauliza sista. Huyu anayerudishwa kwao?

Kikapu kilisimama mikononi mwa Rutashobya.

Hapo Ishengoma akakumbuka alichokula yeye. Jana jirani alileta samaki kutoka ziwani, ningu mnene mwenye mayai. Klaudia alimpika, akampeleka mzima mbele ya mkwewe, minofu, kichwa na mchuzi, kama ilivyompasa, kisha akarudi nyuma asionekane. Mzee alishukuru kabla ya kula. Alishukuru baada ya kula. Alifuta sahani kwa kidole na kumsifu Bwana ambaye hulisha hata kunguru, na upande wa pili wa ukuta mtoto alikuwa akilia kilio chembamba ambacho mzee alidhani ni cha usingizi.

Akasimama, akaondoka bila kuaga.

Katika nyumba yake jiko lilikuwa mahali ambapo hakuwahi kuingia, na Klaudia alikuwa mtu ambaye hakuwahi kumsemesha ana kwa ana. Alipoinama kupita mlangoni, mwanamke alishtuka, akamvuta mtoto kwake, akidhani wamekuja kumtoa mikononi mwake kabla ya kesho.

— Mwanangu, alisema Ishengoma, jana mlikula nini?

— Muhogo, tata.

— Na juzi?

— Muhogo.

Mzee akapiga magoti penye majivu, akaushika mguu wa Kokuberwa, akaubonyeza kwa dole gumba. Shimo likabaki, kama katika udongo wa mfinyanzi. Akangoja lijae. Halikujaa. Basi mzee ambaye aliwafundisha wengine kuungama tangu ujana wake akainamisha kichwa juu ya mguu ule, na midomo yake ikacheza bila sauti.

— Huendi Izimbya, alisema hatimaye. Mjomba wako nitazungumza naye mimi. Kesho tunakwenda kwa sista, mtoto nitambeba mgongoni. Sasa panda darini ushushe yale maharage ya mbegu. Yabandike.

— Yote, tata?

— Anza na ya leo. Tukimaliza hayo, na mengine.

Klaudia akamtazama, kwa mara ya kwanza, usoni.

— Mvua ikija tutapanda nini?

Ishengoma alikwisha kupanga kuni, vibaya, kama mtu asiyewahi kukoka moto, na alikuwa akipuliza.