Kifuniko cha Mama Israël

Benchi la Rachida liko kwenye kona, pale njia ya Makiso inapokutana na njia ya kwenda Tshopo: ubao mmoja mrefu uliochubuka katikati, jiko la makala, na birika la kahawa ya tangawizi inayokwaruza koo. Wenyewe wa pale wanajulikana. Hubert, karani mstaafu wa reli ya Ubundu, wanamwita Ministre kwa sababu hajawahi kutamka neno "sijui". Landry, mwendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, wanamwita Satellite. Habari za mji humfikia kabla hazijatokea. Na Lukumani, anayewapokea watoto wa shule kwenye jumba la makumbusho, wanamwita Papa Musée. Jumamosi hiyo mawingu yalikuwa yameshuka karibu kugusa mabati, na Papa Musée alikuwa ameketi mwisho wa ubao, barua mfukoni, kahawa yake imepoa bila kuonjwa.

— Soma basi, alisema Ministre. Tangu ufike unashika tu mufuko.

— Iko mistari tatu. Atelier ya watoto imesimama, jusqu'à nouvel ordre, mpaka amri ingine itoke.

— Jusqu'à nouvel ordre! Miaka makumi tatu niliandikaka barua za reli. Ile maneno, mon frère, maana yake mpaka ukufe.

Lukumani aliisukuma barua ndani zaidi ya mfuko. Kwa miaka minne, kila Jumanne, kwenye atelier hiyo, alikuwa akiwaachia watoto washike vitu kwa mikono yao. Walipiga lokole, ngoma ya gogo kubwa lililochongwa tumbo wazi. Walisuka mitego ya samaki. Walitwanga, wakafua, wakachafuka. Kibao cha "usiguse" alikuwa amekitia kabatini mwenyewe. Mwaka huu akaongeza jambo moja: kila mtoto alete kitu cha zamani kutoka kwao, akieleze mbele ya wenzake. Darasa la tano likaja na pasi ya makaa, redio isiyo na tumbo, kitana cha mfupa. Na msichana mmoja, Benie, akaja na kifuniko cha sufuria chenye tundu.

— Koko, bibi yangu, anafunikaka nayo sufuria ya pondu mpaka leo, Benie alisema. Hii tundu ni ya kipande ya bombe, kwa vita ya siku sita, wakati majeshi mbili ya wageni yalipiganaka hapa mujini. Kilipita hapa, kikamupata tonton Israël. Alikuwa na miaka kumi na moja.

Mtoto mmoja akacheka: tonton gani, mjomba gani, wa miaka kumi na moja? Kisha kifuniko kikaanza kupita mkono kwa mkono, na kila mtoto akapenyeza kidole kwenye tundu. Maswali yakafuata. Nani alirusha? Kwa nini walipigania hapa kwetu? Israël alikuwa anapenda nini? Mwalimu wao, Adèle, akageukia ukutani, kitenge mdomoni. Wiki haikuisha, mkuu wa shule alikwisha kuandika kwamba watoto wameogofywa, na wakuu wa makumbusho wakajibu kwa ile mistari mitatu.

— Mimi nawaambia, alisema Ministre, shule ni kisingizio. Neno limetoka Kinshasa. Ukiacha mutoto ashike historia na kidole, kesho atauliza nani alitia sahihi kwa ile vita.

— Kinshasa wanajua hata kama tuko? aliuliza Rachida akichochea makaa.

— Ministre, uko mbali, Satellite alidakia. Mambo iko kwa chuma. Chuma ya bombe haikufaka. Iko na moto ndani. Wale watoto wote walitia kidole, alors, ule moto umeingia kwao. Njo maana serikali imefunga.

— Na yule bibi anapika nayo miaka yote hii? aliuliza Rachida. Mbona hajaungua?

— Amezoea! Tena si hiyo tu. Wenye walirusha zile bombe waliandika hesabu yake. Kuko appareil, mashine, kule juu angani inatafuta vipande vyote, moja moja. Kile kifuniko kilikuwa jikoni, chini ya moshi, haikukiona. Papa Musée akakitoa inje. Clac! Wamekipata.

Siku nyingine Lukumani angecheka mpaka kahawa imwagike. Leo maneno yao yalimpita kama magari. Kulikuwa na jambo ambalo benchi halikulijua, wala barua haikulitaja. Watoto walipomuuliza, hakuwajibu. Alichukua fimbo mbili, akapiga lokole kwa nguvu zake zote mpaka maswali yakazama, akasema, "Haya, nani anataka kujaribu?" Benie akarudisha kifuniko kwenye mfuko wake, akaenda kukaa mwisho wa mstari. Lukumani mwenyewe wakati wa vita ile alikuwa na miaka kumi na tano. Siku zote sita alizipitisha chini ya kitanda, mama yake amerundika magodoro juu. Hakuwahi kumsimulia mtu, hata mkewe.

— Ningekuwa mimi ule bibi, Rachida alisema polepole, ningekuja kukumwangia hii kahawa. Mutoto wake amefanywa mchezo ya darasa.

— Voilà! alisema Ministre. Ni famille njo ililalamika.

— Minasikia iko na muloko wake, ndugu mudogo, soldat, kule kambi ya Kapalata, Satellite alisema akishusha sauti. Atakuja na jeep. Papa Musée, kwa urafiki wetu, nenda ujifiche Yahuma hata miezi mbili. Ulime mihogo.

Hapo ndipo toleka moja iliposimama kando ya jiko. Akashuka mama mzee, mwembamba, amevaa kitenge cha kanisani na kandambili zilizooshwa. Alimlipa kijana wa baiskeli, akawatazama mmoja mmoja.

— Jambo yenu. Mwenye kufundisha watoto kule musée ni nani? Waliniambia anakunywaka kahawa hapa.

Satellite alitazama tairi la baiskeli yake. Lukumani akasimama.

— Ni mimi, mama. Karibu.

— Mimi ni mama ya Israël.

Rachida alimsogezea kigoda, naye akaketi. Lukumani alijua kwamba asipolisema sasa hatalisema tena.

— Mama, unisamehe. Benie alieleza vizuri, na wenzake wakauliza. Mimi nikapiga lokole ili wanyamaze.

— Aliniambia. Alisema, "Koko, papa wa musée aliogopa."

— Ni kweli.

— Hata mimi niliogopaka. Mama alikunja mikono juu ya magoti, akaendelea. Baba yake Israël alikufa bila kutaja ile jina tena. Benie anamuita tonton, na zaidi ya kufa kwake sikumuambiaka kitu. Lakini jana ameniuliza: Israël alikuwa anapenda nini? Miaka yote, hakuna mutu aliniulizaka. Nikaanza kusema. Alipenda makemba, ndizi ya kuchoma. Alikuwa anaimba vibaya kanisani, watu wanacheka. Hakujua kuogelea, ananidanganya anajua. Nikasema mpaka moto ukazimika, pondu ikabaki mbichi.

Ministre alivua kofia yake akaiweka mapajani.

— Sasa, mama aliendelea, nimefikiri hivi. Wale watoto wako na miaka yake. Nitakuja mimi mwenyewe nikae nao, waulize yote, wewe upumzike. Kama nikilia, nitalia kidogo, kisha nitaendelea. Nimekuja kuuliza tu: Jumanne wanaingiaka saa ngapi?

Rachida aliinamia makaa. Ministre aliivaa tena kofia yake. Lukumani alimtazama mama usoni, akalitafuta neno, na kila alilolipata lilikuwa la barua.

— Mama, saa... alianza.

Mama alingoja kwa adabu, kama anayengoja mtu akumbuke.

— Bon, alisema mwishowe akiinuka. Musijisumbue. Nitakuja na asubuhi tu, ningoje kwa mulango.

Aliwaaga kwa kichwa, akashika njia ya Tshopo kwa miguu, taratibu, akiruka madimbwi. Wanne wale walimtazama mpaka alipokata kona, na hakuna hata mmoja aliyemwita arudi aambiwe kwamba Jumanne hakutakuwa na watoto.