Mzee Geuza Anakabidhi Boila

Leo, tarehe 30 Juni, Mzee Geuza anastaafu baada ya kulinda boila, mtambo wa mvuke wa kiwanda chetu cha kufulia mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi natimiza miaka sita tangu nitoke kwetu, yote nikiwa msaidizi wake. Ndiyo maana nimepewa kuandika haya, ingawa shule niliishia darasa la sita.

Jina la Geuza tulimpa sisi. Kwenye kubadilishana zamu, anayetoka husema hali ya boila, anayeingia huirudia. Mzee hakutaka irudiwe hivihivi. Akisema mvuke uko juu, maji yako chini, ujibu maji yako chini, mvuke uko juu. Alidai kasuku hurudia, lakini anayegeuza lazima awe amesikia.

Mwaka wangu wa kwanza niliitikia kikasuku kwamba maji yako chini, nikakaa bila kuyafungulia. Mtoto wangu wa pili alikuwa amezaliwa juzi yake na akili ilikuwa kwetu. Mzee alirudi kutoka mlangoni, akafungulia maji mwenyewe boila isije ikalipuka, akavua koti, akakaa nami zamu nzima. Meneja hakuambiwa mpaka leo anaposoma hapa.

Kugeuza kulimwingia mwilini. Alipoulizwa na meneja mbona hachukui likizo, alijibu kwamba boila haimhitaji yeye, yeye ndiye anayeihitaji boila. Meneja aliondoka akijikuna kichwa.

Asubuhi mvuke ukijaa ukumbini, mashuka huning'inia kama mawingu yaliyochoka safari, na watu huonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, wakielea. Humo sauti yake hufika kabla yake. Mara nyingi nimesimama hapo nikaona kabisa ua wa nyumbani kwetu nyuma ya shuka la mwisho.

Wiki iliyopita, akifuta vipimo, aliniuliza yule mdogo ana umri gani. Nikasema mitano, na sijawahi kumbeba. Alifuta kioo kilekile kwa muda mrefu.

"Mwanangu, uliacha watoto kwa ajili ya kazi. Siku moja uache kazi kwa ajili ya watoto. Mimi wangu nilimwacha anatambaa, sasa ana watoto wake."

Mzee wetu, asante kwa mikono yetu ambayo bado tunayo yote. Nenda ukalale mpaka uchoke kulala, na wajukuu wakuzoee upesi. Mimi barua yangu ya kuacha kazi iko mezani kwa meneja tangu jana. Nitamfundisha atakayepokea boila hadi Novemba. Tarehe kumi Desemba nitakuwa nyumbani.