Kaa wa Mwisho wa Bwana Sadala

Tarehe 30 Juni 1954 Bwana Sadala Muhidini anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya vitabu vya watoto hapa Kibiti kwa miaka ishirini na mitano. Mimi Abbasi, mtunzi wa mashairi ya vitabu hivyo, nimepewa kazi ya kumuaga kwa maandishi. Nimekwisha chana karatasi tatu. Mwenyewe angesema nimeua kongoni wawili na kiboko.

Bwana Sadala alitoka Mtunda, alikosifika kwa mapambo ya karatasi ya maulidi na harusi. Alipoajiriwa kututengenezea picha za vitabu alipewa penseli. Akaichomeka sikioni, ikakaa huko robo karne. Hakuchora mstari wala hakupima. Aliizungusha karatasi huku mkasi umetulia, na kiboko akatoka mzima, masikio na yote. Karatasi nyeupe ya serikali aliiona ngumu. Alipenda ile ya buluu ya kufungia sukari, kutoka duka la Jivanji. Mkewe, Bi Mwanabaraka, aliwahi kumficha mkasi siku nne, baada ya kalenda ya ukutani kugeuka kundi la ndege kabla mwezi haujaisha.

Kwa mkasi huo tumetoa vitabu kumi na kimoja, shairi fupi upande mmoja na maelezo ya kweli upande wa pili: mamba hutaga wapi, mikoko hupumuaje. Desturi yetu ni kwamba kitabu hakiendi Dar es Salaam kupigwa chapa mpaka kipelekwe kwanza kwa mtumbwi shule ya Mbwera, kisomewe watoto. Wale hawamwonei mtu haya.

Mwezi Machi nilipeleka kitabu cha viumbe vya delta, cha mwisho kwa Bwana Sadala. Nilikwenda roho juu, kama kawaida yangu, nikiogopea mashairi. Kumbe balaa lilikuwa kwenye kaa. Binti mmoja, Mwanajuma, aliutazama ukurasa akasema, "Huyu si kaa wetu. Wa kwetu ana gando moja kubwa, jingine dogo."

Kweli tupu. Dume wa kwenye matope ya mikoko ndivyo alivyo, na maelezo yangu mwenyewe yalisema hivyo. Wa Bwana Sadala alikuwa na magando mawili sawasawa.

Njiani nilizipekua kurasa zote, na hofu ikazidi. Bundi anatazama mbele. Kipepeo amekunjua mabawa. Chura kaonekana kwa juu. Kila kiumbe, kushoto kwake ni sawa na kulia. Mtu aliyeacha kukunja karatasi tangu enzi za mapambo ya harusi, mwaka mzima alikuwa akiikunja ili akate nusu tu.

Nilimwuliza faraghani. Akaiweka mikono mezani, nikaona inavyotetemeka. Alikuwa ameficha, akiogopa kupumzishwa kabla kitabu hakijaisha. Nami nikaogopa, nakiri. Bila kaa hakuna kitabu, na kumwambia akate upya mbele ya watu niliona ni kumvunjia heshima mtu mzima.

Hakungoja kuambiwa. Kesho yake alikaa mezani pake mbele yetu sote na karatasi moja ya buluu, haikukunjwa. Mkasi ulicheza, ukaruka, ukang'ata pasipotakiwa, nami nikafumba macho kwa woga. Nilipofumbua, kaa alikuwa na gando moja kubwa, kingo zimechongoka meno meno, na miguu imepinda kila mmoja kivyake. Bwana Sadala hakumpenda. "Ameharibika," alisema, akaondoka kwenda nyumbani kabla ya saa.

Ofisi nzima inakushukuru, Bwana Sadala. Rudi Mtunda ukapumzike na Bi Mwanabaraka, Mungu akujalie afya na usingizi mzuri, na mkasi wako usifichwe tena na mtu.

Limebaki moja. Nilimpeleka kaa yule Mbwera, na tangu niliporudi hujaniuliza walisemaje. Najua kwa nini. Mimi nawe kwa woga tumelingana. Basi nakuambia hapa, mbele ya wote. Mwanajuma alimsogelea kaa. Aliinama, akanyoosha kidole aliguse lile gando kubwa, kisha akakirudisha upesi na kukificha mgongoni.